Umbo Lililokwenda Kombo

Mwaka 1972 ulipokuwa ukielekea ukingoni, mwanakemia wa Marekani aitwaye Christian Anfinsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha jambo lililodhaniwa kuwa limefunga mjadala mrefu: kwamba protini, ambazo ndizo zitendazo takriban kazi zote za mwilini, kuanzia kusaga chakula tumboni hata kupokezana habari ubongoni, hujikunja zenyewe na kupata maumbo yake ya haki pasipo kuongozwa na yeyote, kwa kuwa maagizo yote ya mkunjo yamo katika mpangilio wa asidi-amino zilizoungwa moja baada ya moja kuwa mnyororo. Alikuwa amechukua kimeng'enya kimoja chenye asidi-amino 124, akakikunjua kwa dawa hata kikapoteza umbo na nguvu zake, kisha akaiondoa ile dawa, na kimeng'enya kikarejea kama kilivyokuwa. Yalikuwa ni maarifa ya kuliwaza, maana wengi walifahamu kutokana nayo ya kuwa kila mnyororo una umbo moja tu lililo lake, na kwamba ukipewa nafasi hauna budi kulirudia.

Mnamo Septemba ya mwaka huohuo, tabibu wa miaka 30, jina lake Stanley Prusiner, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza mafunzo ya maradhi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, alikabidhiwa mgonjwa wa kike ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka na ambaye hata shughuli ndogo za kila siku zilikuwa zimeanza kumshinda. Akaambiwa na wakubwa wake kuwa bibi yule anakufa kwa maradhi ya Creutzfeldt-Jakob, yaliyonasibishwa zama hizo na virusi vya namna ya pekee, viendavyo polepole mno, ambavyo mwili hauonekani kuvitambua wala kupigana navyo. Prusiner alikuwa amesoma kemia kabla ya utabibu, tena alikuwa amekwisha kupita katika maabara ya vimeng'enya ya Taasisi za Taifa za Afya. Na kilichomshika akili ni kule kunyamaza kwa mwili. Ni maambukizo gani haya yasiyoleta homa, yasiyoamsha kinga, na ambayo hata hivyo hayamwachi mtu hai?

Kadhia yenyewe ilikuwa ya kale. Wafugaji wa Uingereza walikuwa wakiujua tangu karne ya 18 ugonjwa uitwao skrepi, umfanyao kondoo ajikwaruze kwenye nguzo na nyua hata manyoya yakang'oka, kisha apepesuke, kisha afe. Katika miaka ya 1930 ukatokea huko Scotland msiba uliofunua mengi kuliko tafiti za miaka mia: chanjo ya ugonjwa mwingine, iliyotengenezwa kwa ubongo wa kondoo na kutiwa fomalini ili isibaki ndani yake chembe iliyo hai, walichanjwa kondoo 18,000, na baada ya miaka miwili kondoo wapatao 1,500 wakashikwa na skrepi. Fomalini, ambayo kwayo bakteria na virusi huangamia, haikufua dafu. Na muda wote ule wa kungojea, mifugo ilikuwa ikila majani na kuzaa pasipo dalili yoyote.

Kisha ikaja habari ya Wafore, watu wa nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, ambao mwaka 1957 Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliandika juu ya maradhi yao ya kuru. Mgonjwa wa kuru hutetemeka, hushindwa kusimama, baadaye hushindwa kumeza, na aghalabu hafikishi mwaka wa pili tangu dalili kuanza. Waliokuwa wakifa kwa wingi ni wanawake na watoto, na wataalamu wa mila Shirley Lindenbaum na Robert Glasse, waliokaa miongoni mwao, wakaonyesha kwa nini: Wafore walikuwa na desturi ya kula maiti za jamaa zao kwa mapenzi na heshima, na ubongo ulikuwa fungu la wanawake na watoto wao wadogo. Mwaka 1959 daktari wa mifugo William Hadlow, baada ya kutazama picha za ubongo wa marehemu wa kuru uliotoboka matundu mfano wa sifongo, aliandika barua katika jarida la Lancet akisema kwamba matundu kama hayo ameyaona katika ubongo wa kondoo wenye skrepi. Gajdusek akawadunga sokwe majimaji ya ubongo wa wagonjwa, akangoja karibu miaka miwili, na sokwe wakaugua. Kwa kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Desturi ile ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini kuru haikwisha nayo, kwani walipatikana wazee walioanza kutetemeka zaidi ya miaka 50 baada ya karamu ya mwisho ya utoto wao. Msomaji na autie akilini muda huo, kwa sababu katika habari nzima ya maradhi haya adui mkubwa wa mtafiti amekuwa ni wakati.

Wapo waliokwisha kuhisi ukweli kabla ya Prusiner, na insafu yataka watajwe. Tikvah Alper, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Hammersmith mjini London, alikipiga kisababishi cha skrepi kwa mionzi yenye uwezo wa kuvunjavunja asidi nukleiki, yaani ile dutu ibebayo urithi wa kila kiumbe tukijuacho, na kisababishi kikabaki na ukali wake. Naye J. S. Griffith, mwanahisabati, akaandika mwaka 1967 kurasa chache akionyesha kwa hoja tupu njia ambazo kwazo protini ingeweza kujizidisha pasipo kuvunja sheria yoyote ya maumbile. Wengi walizisoma hoja hizo, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye kazi zao. Maana elimu yote ya uhai wakati huo ilikuwa imesimama juu ya nguzo moja, kwamba kinachozaana ni lazima kiwe na asidi nukleiki, na aliyeitikisa nguzo hiyo alipaswa kuja na kitu kizito kuliko hisabati.

Prusiner alifungua maabara yake mwaka 1974, na kitu hicho kizito alikitafuta kwa njia ya mwanakemia: usage ubongo wenye maradhi, uutenge mafungu kwa mafungu, ulijaribu kila fungu kwa wanyama ili kujua kisababishi kimebaki wapi, kisha ulichukue hilo na kulitenga tena, hata ukifikie kitu kilicho safi. Njia ni nyepesi kuieleza. Lakini fungu moja tu lilihitaji panya 60 na kungojewa mwaka mzima, na anayefahamu kwamba usafishaji wa protini moja huchukua majaribio kwa mamia ataona kuwa kwa hesabu hiyo mtu angezeeka kabla ya kazi kufika nusu. Ukombozi ulitoka kwa mnyama mwingine. Watafiti wenzake walikuwa wameonyesha kuwa hamsta huugua upesi zaidi, na Prusiner akabuni njia ya kukisia wingi wa kisababishi kwa kuhesabu siku ambazo mnyama hukaa kabla ya kuugua; jaribio la panya 60 na mwaka mmoja likawa jaribio la hamsta wanne na siku zipatazo 70. Waandishi wengi husifu ujasiri wake wa fikra. Mimi naona kwamba ushindi wake ulipatikana hapa, katika banda la hamsta, kwa mtu aliyekuwa na haraka na akajua namna ya kuipunguza saa.

Mara mafungu yake yalipozidi kusafika, protini ikazidi kuonekana na asidi nukleiki ikazidi kukosekana. Vitu viharibuvyo protini vilikidhoofisha kisababishi; vile viharibuvyo asidi nukleiki havikukidhuru. Aprili 1982 akachapisha makala katika jarida la Science, akatangaza kuwa skrepi husababishwa na chembe ya protini yenye kuambukiza, na akaipa jina alilolitunga mwenyewe: prioni. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ilivyostahili makala ya kurasa chache. Wapo waliochukizwa na dai lenyewe, na wapo, nao hawakuwa wachache, waliochukizwa na jina, wakisema kuwa mtu hupewa haki ya kukibatiza kitu akishakithibitisha, na kwamba bwana huyu alikuwa ameitanguliza sherehe. Sioni kuwa walikosea katika hilo. Prusiner hakuwa mnyenyekevu, alipenda kushinda, na kwa miaka mingi alijiepusha na waandishi wa magazeti baada ya kuona jinsi walivyomchora. Ila unyenyekevu haujawahi kuwa kipimo cha ukweli wa jaribio.

Hata kabla ya makala hiyo alikuwa amekwisha kuonja taabu. Wakfu wa Howard Hughes uliokuwa ukimfadhili ulikataa kuendelea, na chuo chake kikamjulisha kuwa hatapandishwa kuwa mhadhiri wa kudumu, uamuzi ambao baadaye ulitenguliwa. Miongoni mwa fedha zilizomwokoa zilikuwamo za kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds, zilizosimamiwa na wataalamu wawili, mmoja wao akiwa Maclyn McCarty. Na huyu McCarty ndiye aliyekuwa, mwaka 1944, pamoja na Oswald Avery na Colin MacLeod, ameuthibitishia ulimwengu ya kwamba urithi umo katika asidi nukleiki. Yaani aliyesaidia kuisimamisha nguzo ndiye aliyeidhinisha fedha za kuitikisa, na jambo hilo lanifurahisha kuliko hotuba nyingi zisemwazo juu ya uhuru wa elimu.

Pigo lililotarajiwa kumwangusha lilikuja mwaka 1985, likamgeukia kuwa msaada. Charles Weissmann wa Chuo Kikuu cha Zürich na wenzake, wakishirikiana na maabara ya San Francisco, waliitafuta jeni ya protini ile, nao wakaiona. Haikuwa ya virusi wala ya mgeni yeyote. Ilikuwa ni jeni ya mnyama mwenyewe, imo katika hamsta mgonjwa na hamsta mzima vilevile, imo katika panya, imo katika mwanadamu, kwenye kromosomu yake ya 20. Basi kila mmoja wetu anaitengeneza protini hiyo ubongoni mwake usiku na mchana. Tofauti ya ile njema na ile iuayo haimo katika mpangilio wa asidi-amino, ambao ni uleule. Imo katika mkunjo. Ile njema sehemu yake kubwa imejiviringa mizunguko mizunguko, na vimeng'enya huimeng'enya kwa wepesi; ile mbaya imejilaza bapa, tabaka juu ya tabaka, ikashikamana na wenzake kuwa nyuzi ngumu zisizosagika. Na ikiikuta ile njema huigeuza kuwa kama yenyewe.

Mwenye kugandisha maziwa hutia kijiko cha mtindi wa jana katika maziwa ya leo, na kesho hukuta kibuyu kizima kimegeuka. Hivyo ndivyo prioni ifanyavyo ubongoni. Lakini mfano huu wachechemea pale hasa palipokuwa na mzozo, kwa maana ndani ya kijiko cha mtindi mna vijidudu vilivyo hai, na wapinzani wa Prusiner hawakudai zaidi ya hilo: kwamba ndani ya kijiko chake nacho mna kiumbe aliyejificha, naye hajamwona. Jibu la hoja yao lilitoka tena Zürich, ambako Weissmann aliwafanya panya wasio kabisa na jeni ile. Panya hao waliishi na kuzaa kama panya wengine, na walipodungwa skrepi mwaka 1993 wakaonekana hawaugui, kwa kuwa hapakuwa na maziwa ya kugandisha. Baadaye ilipatikana njia ya kuipotoa protini safi katika chupa na kuwaambukiza nayo panya wazima. Laura Manuelidis wa Yale aliendelea kusimamia nadharia ya virusi muda mrefu baada ya wengi kuiacha, na nisingependa kumdharau. Pasipo watu wenye inda ya namna yake, pengine dunia ingeridhika na ithibati za mwaka 1982, ambazo zilikuwa pungufu.

Wakati wataalamu wakibishana, ng'ombe wa Uingereza walikuwa wakianguka. Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa mwaka 1986, na asili yake ikafuatwa hadi kwenye unga wa nyama na mifupa ya mifugo iliyochinjwa, waliokuwa wakilishwa wanyama ambao Muumba aliwaumbia majani. Mwaka 1988 chakula hicho kilipigwa marufuku kwa ng'ombe. Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya kamera akamlisha binti yake mdogo mkate wenye nyama ya ng'ombe ili raia watulie. Machi 1996 serikali ikalitangazia Bunge kwamba watu kumi, wengi wao vijana, wamepatikana na namna mpya ya maradhi ya Creutzfeldt-Jakob, iliyoelekea kutokana na ng'ombe hao. Hatimaye ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua, mamilioni wakachinjwa kwa tahadhari, na watu 178 wakafa nchini humo. Waziri hakusema uwongo wa kusudi. Alizungumza ndani ya ile miaka ya ukimya ambayo ugonjwa huu huwapa watu wote, wenye mamlaka na wasio nayo, ili wakosee.

Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, peke yake, jambo ambalo si la kawaida katika tuzo ya utabibu ya siku hizi. Tangu hapo amekuwa akisisitiza dai pana zaidi, kwamba maradhi makubwa ya uzeeni nayo ni ya ukoo huohuo: maradhi ya Alzheimer, ambamo protini mbili, amiloidi-beta na tau, hurundikana ubongoni, na ya Parkinson, ambamo hurundikana alfa-sinukleini. Katika yote hayo wataalamu wameona mkunjo mbaya ukienea kutoka seli hadi seli, na katika Alzheimer marundo huanza kujengeka takriban miaka 20 kabla mtu hajasahau jina la mjukuu wake. Hapa pana haja ya kusema kwa uwazi, maana katika miji yetu hofu hutangulia habari: hakuna aambukizwaye Alzheimer kwa kumwogesha mama yake, kumlisha, au kulala naye chumba kimoja. Yaliyoonekana ni mambo ya nadra mno, ya hospitalini. Uingereza, kati ya 1959 na 1985, watoto 1,848 wafupi wa kimo walidungwa homoni ya ukuaji iliyokamuliwa kutoka tezi za maiti. Baadhi yao wakafa kwa Creutzfeldt-Jakob, na mwaka 2024 John Collinge na wenzake wa London wakaeleza habari za watano kati ya waliopewa homoni hiyo ambao akili zilikuwa zimeanza kupungua kwa namna ya Alzheimer, miongo mingi baada ya sindano.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi wana jamaa mwenye selimundu, kuna kipande cha habari hii kitakachowagusa. Katika selimundu, asidi-amino moja tu ya mnyororo wa himoglobini, ile ya sita, imeng'olewa na mahali pake pakakaa valini. Na Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kuwa mwenye kuirithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu imeshamiri pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa Wafore nako, Collinge na wenzake waligundua kwamba baadhi ya watu wa vijiji vilivyopigwa sana na kuru wana badiliko katika protini ya prioni, mahali pa 127, na kilichokaa hapo ni valini ileile. Mwaka 2015 wakathibitisha kwa panya kuwa protini hiyo haikubali kupotolewa hata kidogo. Maumbile yaliwapatia Wafore ngao, baada ya kuwatoza makaburi.

Sonia Vallabh hakupata ngao. Mama yake alifariki mwaka 2010 kwa maradhi ya prioni ya kurithi, na mwaka uliofuata naye akapimwa akakutwa ana hitilafu hiyohiyo, mahali pa 178. Alikuwa mwanasheria, na mumewe, Eric Minikel, alikuwa mtaalamu wa mipango ya usafiri. Wote wawili wakaacha kazi zao, wakarudi darasani, wakawa wanabiolojia, na sasa wana maabara katika Taasisi ya Broad, karibu na Boston. Shabaha yao imejengwa juu ya wale panya wa Zürich: ikiwa mnyama aweza kuishi bila ya protini hii, basi dawa na ipunguze kiasi chake mapema, kabla haijapatikana ya kugeuzwa. Dawa ya namna hiyo, kipande kifupi cha asidi nukleiki kizuiacho protini isitengenezwe, imerefusha maisha ya panya walioambukizwa, hasa ikianzishwa kabla ya dalili.

Shida iliyobaki ni ileile iliyomsumbua Prusiner kabla ya hamsta. Mwenye hitilafu aweza kuugua katika ujana au katika uzee, na hapana ajuaye lini, hata kuijaribu dawa kwa watu wazima na kungoja nani ataugua kungehitaji watu wengi na miaka mingi kuliko walivyo wenye hitilafu na kuliko ulivyo umri wa wafadhili. Kwa hiyo mwaka 2017 Vallabh na Minikel walikwenda kwa mamlaka ya dawa ya Marekani wakaomba kwamba, kwa watu ambao bado ni wazima, dawa ipimwe kwa kuangalia imepunguza protini kiasi gani katika maji ya uti wa mgongo, pasipo kungojea maradhi. Na mamlaka haikuufunga mlango. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yamekwisha kuanza, lakini yanafanywa kwa wale ambao dalili zimekwisha kuwatokea. Walio kama Vallabh mwenyewe bado hawajafikiwa na zamu.